Radhi Niliyoitoa Kabla ya Nusukaputi

Nadhira, uko? Usinipigie. Nalia, sitaweza kusema.

Wakumbuka 1993 nilipopasuliwa ule uvimbe tumboni? Wakumbuka nilivyoiogopa nusukaputi, nikikwambia wallahi nikilala siamki tena?

Basi siku ile Mwanamkasi, mdogo wangu, alinishika mkono mlangoni pa chumba cha upasuaji, analia. "Dada, niwie radhi kwa yote."

Mimi roho iko mkononi, nikamwambia nimekusamehe, duniani na akhera. Sikumuuliza kosa gani! Nani huuliza, na kitanda kinasukumwa?

Leo kwenye hitima huku Mishomoroni nimekutana na Suad, dadake Obeid. Obeid yule aliyeniposa, posa ikavunjwa nami niko wodini. Miaka yote hii nilijua yeye ndiye aliyenikimbia.

Suad aniambia, "Si mdogo wako alikuja kwa mama, akasema unatolewa kizazi, hutazaa?"

Kizazi! Mimi, mama wa watoto wanne!

Nimempigia Mwanamkasi hapo hapo uani, viatu sijavaa. Hakukana, Nadhira. Hakukana hata kidogo. Nikamuuliza kwa nini. Akanijibu taratibu, kama anayemtuliza mtoto: "Dada, lile si ulinisamehe? Duniani na akhera, ulisema mwenyewe."

Nilisema mwenyewe!

Na yale machozi yake nimeyahadithia watu miaka yote. Nikiwaambia, mdogo wangu alilia kwa kuogopa nisife.

Kumbe aliogopa nife sijamsamehe.