Mama Mkwe Anataka Kunipigia Magoti Mbele ya Kamera

Mpendwa Dada Qiao, naomba msaada wako, na uniwie radhi kwa Kichina changu, maana nakiongea vizuri kuliko ninavyokiandika, na barua hii nimeifuta na kuianza upya mpaka binti yangu ameniuliza, mama, una mtihani? Ukiichapisha tafadhali badilisha majina yetu.

Mimi ni mwanamke wa Estonia, nimeolewa hapa Baoji huu mwaka wa saba, na nikikutajia kazi yetu huenda ukanijua papo hapo, kwa sababu mimi na mume wangu Zhenyu tunarekodi zile video fupi za simu za mke wa kigeni na mama mkwe wake, zile ambazo watu huzitazama ndani ya treni bila kujali sauti, na mimi ndiye yule mwenye nywele za rangi ya mahindi anayelia, na mama mkwe ndiye yule mchoyo anayeficha mayai. Tulianza vizuri tu, nilikuwa nakula tambi za siki na pilipili huku machozi yananitoka, na mama yuko nyuma ya simu anacheka mpaka anashika mbavu, lakini watazamaji wakachoka kutuona tunapendana, Zhenyu akasema hakuna anayesimama njiani kutazama watu wanaopatana, wanasimama penye ugomvi, basi akaanza kuandika ugomvi. Mama akapewa nafasi ya mkorofi na hakukataa. Alisema, "Sura ya mzee haina kazi nyingine, itumieni," tukacheka sote, na kwa kweli aliigiza kutushinda, anakunja uso hivi, halafu tukizima simu ananiuliza, "Maya, nimekuwa mbaya vya kutosha?"

Dada Qiao, mama huyu ndiye aliyenilea nilipojifungua. Yeye alifundwa kwamba aliyejifungua haogi wala haoshi nywele mwezi mzima, hapigwi na upepo, hanywi cha baridi, na anaamini hivyo mpaka leo, lakini aliponiona nalia kwa sababu nilikuwa nanuka na siwezi kujivumilia, alifunga madirisha yote, akachemsha tangawizi, akaniosha kichwa kwa kitambaa, kidogo kidogo, anakausha upande mmoja ndipo anahamia mwingine, huku ananung'unika, "Mama yangu akiliona hili atafufuka aje anichape." Sasa, kwenye video tuliyotengeneza majira haya ya kuchipua, mama huyohuyo anafunga bafu na kuutundika ufunguo shingoni, mimi nagonga mlango nikilia nimembeba mwanasesere aliyezungushiwa blanketi, na naona aibu kukuandikia hili lakini wazo lile lilikuwa langu, si la Zhenyu, na mpaka leo mama anadhani ni la mwanawe. Hakuna video yetu iliyowahi kutazamwa kama hiyo.

Nasoma Kichina polepole, kwa hiyo maoni ya watu niliyapuuza kwanza, nikaona namba tu zinapanda, baadaye nikaanza kuyasoma moja moja, na nakwambia kweli, matusi yote ninayoyajua kuyasoma katika lugha yenu nimeyasoma chini ya sura ya mama mkwe wangu. Halafu yakatoka kwenye simu yakaja mtaani. Pale sokoni kuna muuza mboga, Bi Pang, ambaye tangu nifike mji huu ukinunua kwake lazima akuongezee kitunguu cha majani na kotimiri bila malipo, ndivyo wafanyavyo wote, na siku ile alipima kabichi, akapokea hela, akageuza uso. Mama alibaki amesimama na mfuko wazi. Nilipomuuliza nyumbani akasema, "Vitunguu vimepanda bei," lakini mimi nilikuwa nyuma yake, nilimwona aliyefuata akipewa fungu zima. Na kule uwanjani wanawake wanakocheza ngoma jioni, ambako mama alikuwa mstari wa mbele, alipofika siku moja, mmoja wao alipaza sauti, "Jamani, ficheni funguo za bafu, Suqin huyo!" wakacheka, naye akacheka nao, akacheza mpaka mwisho, na tangu hapo haendi tena, anasema goti linamsumbua, wakati goti hilohilo linapandisha gunia la unga ghorofa ya sita.

Sasa watazamaji wanadai mama aniombe radhi, na kampuni ya siki inayotulipa inaona bidhaa yake inachafuka, na wiki iliyopita tukiwa tunakunywa uji wa asubuhi mama mwenyewe akaweka kijiko chini akasema, "Nirekodini nikimwomba Maya msamaha. Nitammiminia chai, nitapiga magoti, watu watapoa, kazi yenu itasalimika." Nilimtazama Zhenyu nikitegemea ataruka kwenye kiti. Akauliza tu, "Magoti yako yataweza, Mama?"

Mimi nikasema haiwezekani, nyie wenyewe mnasema mkubwa akimpigia magoti mdogo, umri wa mdogo unapungua, anakufa mapema, mama akanipangusia uji mtoto akanijibu taratibu tu, "Wewe ni mgeni. Labda haikuhusu."

Dada Qiao, miaka saba hajawahi kuniita mgeni. Kurekodi ni Jumamosi. Zhenyu ananiambia, "Ni igizo tu, na la bafu hukuliona dhambi?" na ni kweli sikuliona. Nikikataa tunakosa mkataba na hatuna kazi nyingine, nikisema ukweli hadharani tutaitwa matapeli nchi nzima, nikikubali sijui nitamwangalia vipi mama anapoinama mbele yangu. Yeye husoma safu yako kila Alhamisi akiwa na miwani yake, hata huwasomea majirani, nikafikiri labda wewe ukiandika neno atajua najuta. Nifanye nini?

Mkamwana wa Kigeni, Baoji

*

Mdogo wangu,

Majina nimeyabadilisha, ingawa kwa mji wenu hiyo ni kama kujificha nyuma ya ufagio. Nakuonea huruma. Kuishi ugenini, kwa lugha ya kuazima, na kula kwa kutazamwa na watu usiowajua si maisha mepesi. Lakini huruma yangu leo haitoshi watu wawili, na mama yako mkwe yuko mbele yako kwenye foleni.

Apige magoti au asipige? Asipige. Hilo ulilijua kabla hujanunua stempu.

Asante ya punda ni mateke, lakini hata punda hana moyo wa kulirekodi teke lake na kuliwekea muziki. Mwanamke alivunja mwiko wa mama yake mzazi ili wewe ulale na kichwa safi. Ulichukua wema huo, ukaugeuza ndani nje, ukauuza. Usinitajie igizo. Mwigizaji akimaliza hunawa rangi, na watu nje humsalimu kwa jina lake. Mama huyu mmempa ubaya katika jiko lake, kwa sura yake, katika mji anaoishi. Anawe wapi?

Na mumeo. Mtu anaambiwa na mama yake kwamba atapiga magoti, naye anaulizia uzima wa magoti! Mwambie kutoka kwangu, na umsomee kwa sauti: mama si mtaji. Akikasirika, mpe anwani yangu.

Neno la kukuita mgeni limekuchoma, na limekuchoma kwa haki. Lakini hakulisema kukufukuza. Alikuwa anatafuta njia ya kukupigia magoti bila wewe kupata madhara. Mpaka katika kujidhalilisha alikuwa anakulindia umri wako. Lifikirie hilo.

Sasa nikugombeze kwa jambo ambalo hukuniuliza. Unasema mama husoma safu yangu. Nimekuelewa vizuri sana. Unataka gazeti limwombe radhi huku wewe uko chumbani umeshika shavu, kisha majirani wasikie akiwasomea mwenyewe. Hiyo nayo ni kamera, tofauti yake ni wino. Sitakuwa kinywa chako. Jibu hili nimekutumia kwenye simu yako leo Jumatatu, na Alhamisi litachapishwa, upende usipende. Umfikie kabla yangu.

Ongea naye nyumbani, mchana, simu zote zikiwa zimezimwa, ya mumeo pia. Anza na bafu. Mwambie wazo lilikuwa lako. Huo ndio mfupa wenyewe, mengine ni mchuzi, na anastahili kujua amebeba lawama ya nani. Mwondolee mwanawe mzigo usio wake, alionao unamtosha.

Kisha nendeni sokoni pamoja, saa ambayo pamejaa. Mama yenu haishi na mamilioni ya watazamaji, anaishi na Bi Pang. Mshike mkono, simama mbele ya zile kabichi, na useme kwa sauti ya kusikika kwamba mama huyu hakukufungia bafu, alikuosha kichwa kwa mikono yake, na wewe ulidanganya. Bi Pang atasema, "Ah, nilijua siku nyingi." Hakujua. Mwache aseme hivyo, watu wa soko nao wana uso wa kulinda. Na uwanjani vilevile. Ukiona haya, vizuri, ndiyo kazi ya haya.

Video ile iondoeni. Mahali pake wewe na Zhenyu, ninyi wawili tu, semeni kwa maneno makavu kwamba mlitunga. Bila muziki. Bila machozi, wewe hasa, kwa kuwa machozi yako yameshauzwa mno na hakuna atakayejua yapi ni ya kweli. Mama asionekane hata kisigino. Mtatukanwa, tena vibaya. Yapokeeni matusi hayo kama alivyoyapokea yeye, na msimjibu mtu. Mtakula nini? Sijui. Mkataba wa siki huenda ukaenda, na mtaanza chini. Una lugha, mumeo ana mikono na akili ya kutunga, na nyumba hiyo ina mwanamke anayeweza kulisha watu wanne kwa kabichi moja. Ila usimwombe awalishe kabla hujafanya niliyokwambia.

Na ninyi wasomaji wangu mnaosoma huku mnatikisa vichwa, wengine wenu mnajua mlimwandikia nini mama huyu. Mlimjua kwa dakika moja ya simu, mkamhukumu. Tulieni kidogo leo.

La mwisho, mdogo wangu, sikiliza kwa makini, kwa sababu hapa ndipo watu wengi hukosea. Ukishamwambia, mama atasema, "Si kitu, si kitu, njoo ule." Sisi tumelelewa hivyo. Atainuka kuwasha jiko, atakuuliza kama mtoto amekula, na wewe utapumua, utajiona umesamehewa. Usimwamini. Usile. Zima hilo jiko, mketishe, na ukae naye hapo hapo, hata chakula kikipoa, hata ukimya ukikutisha, mpaka mama huyo afungue mdomo akwambie kuwa iliuma.

Dada Qiao