Hakukuwa na Samaki katika Unga wa Medadi

Lindi

Mdogo wangu Leokadia,

Ule unga niliokuletea kijijini Mabawe ili mwanao Medadi apone haukuwa na samaki. Hata dagaa mmoja hakuwemo. Nimekuficha jambo hili tangu Medadi akiwa wa kubebwa mgongoni, na sasa ana wajukuu. Nimelitanguliza kabla ya salamu kwa sababu nachoka upesi, na sijui kama ukurasa wa pili nitaufikia.

Sasa salamu. Najua ungeanza na shikamoo, nami sistahili kuiitikia, basi leo niache nikuulize mimi. Miguu imepungua kuvimba? Migomba imepona ule mnyauko? Mimi moyo umechoka. Napumua kama mtu aliyepanda kilima cha Kirushya na mzigo kichwani, kumbe nimekaa kitini. Mwanangu Yasinta ananitunza vizuri. Daktari alimshauri anipe samaki, kwamba mafuta yake yanasaidia moyo, ila samaki wakavu wa ng'onda tuwaache kwa sababu ya chumvi. Yasinta akachemsha changu kwa ndimu, akaniwekea mezani. Nikaisukuma sahani.

"Baba, umefundisha watu lishe mpaka ukastaafu, leo unakataa samaki?"

"Nipe maharage na karanga."

"Mwiko wa ukoo! Msomi mzima!" Akacheka mpaka akakaa chini.

Alipomuuliza tena daktari, akaambiwa hakuna shida. Maharage, karanga, soya na mchicha vinajenga mwili vilevile, mradi mzee ale. Ndivyo hivyo hivyo vilivyomponya Medadi.

Unakumbuka alivyokuwa. Nywele zimegeuka nyekundu, miguu imejaa maji, hacheki wala halii. Mimi nilikuwa mwalimu kijana, nimetoka kwenye mafunzo ya lishe, nimeambiwa nifundishe watu kutia unga wa dagaa kwenye uji. Nawe unajua ukoo wetu haugusi samaki. Hata chungu kilichopikiwa samaki kilivunjwa. Nilikushawishi siku tatu, ukakataa. Siku ya nne ukanifuata nyuma ya nyumba ukasema, "Lete, kaka. Mwiko nitaubeba mimi."

Dagaa niliwanunua kweli, sokoni Biharamulo. Nilipofika Nyarubungo, njiani kurudi, nikafungua mfuko niwatazame. Macho yale madogo yote yalikuwa yameelekea kwangu. Ilikuwa mchana kweupe, Leokadia, hakuna hata upepo, na mfuko ukajisogeza mkononi mwangu. Nikaumwaga kichakani nikakimbia, mimi niliyekuwa nikiwacheka wazee. Nikasaga soya, karanga na maharage, nikajaza kopo, nikakuambia ni dagaa. Uliunusa ukasema, "Mbona unanukia vizuri?" Nikajibu wamekaushwa sana. Ungejuaje? Hujawahi kunusa samaki maishani mwako.

Medadi akanenepa. Nikaandika taarifa kwa wakubwa kwamba dagaa wamemponya mtoto, wakanisifu, wakanipa kazi ya kuzunguka kata zote kufundisha. Kisha Konsolata wako, wa miaka sita, akaenda mtoni na kibuyu chake na hakurudi. Wazee wakasema mto umechukua badala, na aliyevunja mwiko ni wewe. Tangu hapo ukatengwa. Kwenye matanga ya Baba watu walikaa kuzunguka chungu kimoja cha pombe ya ndizi, kila mtu na mrija wake, nawe ukawekewa kibuyu chako peke yako kule migombani. Nilikuona. Nikainama nikavuta mrija wangu.

Sasa sikia kinachonifanya niandike. Saa za adhuhuri, Yasinta akiwa kazini, chumba hiki hujaa harufu ya mto. Si bahari, bahari nimeizoea. Ni tope na mafunjo ya kwetu. Halafu kwenye sakafu ya saruji huja nyayo ndogo za maji, kutoka mlangoni mpaka mbele ya kiti changu. Za kurudi hazipo. Kisha sauti huniuliza kwa Kihangaza, ambacho hapa hakuna mtu anayekijua: "Mjomba, Medadi mlimpa nini?"

Mwezi mzima nilinyamaza. Yasinta akirudi hupiga deki akinung'unika. "Baba, umemwaga maji tena?"

"Si mimi."

"Basi ni mgeni wako asiyepiga hodi. Mwambie afute miguu."

Juma lililopita nilimjibu. Nikasema soya, karanga, maharage. Akacheka kile kicheko cha Konsolata cha kuvuta pumzi ndani, unakijua. Nikadhani ataondoka. Maji yakasogea mpaka yakagusa vidole vyangu, baridi kama ya alfajiri mtoni, na sauti ikasema, "Na kingine, mjomba?"

Kila siku sasa ni hilo tu. Na kingine.

Barua hii mpe Medadi aisome mbele ya wazee wa ukoo, yote, ungali hai, wakupe mrija ukae nao kuzunguka chungu. Nisalimie mkewe anayekupikia, na katekista anayekuletea komunyo nyumbani. Msalimie kwa namna ya pekee jirani yako Verediana, ambaye hujamwamkia tangu mwaka ule ukiamini ndiye aliyekusema kwa wazee.

Ni mimi kaka yako,
Gervas

Nimekwisha kuandika jina, na sakafu bado ina maji. Basi hili hapa. Verediana hakujua lolote. Konsolata alipopotea, Baba alinijia mimi kwanza, peke yake, akaniuliza kama ule unga ulikuwa na samaki. Ningesema hapana, yangeishia pale pale, lakini taarifa yangu ilikuwa imeshafika kwa wakubwa. Nikamwambia Baba kwamba ulikuwa na samaki, kwamba uliwanunua wewe mwenyewe, na kwamba mimi nilikukataza.