Nta kwa Nta

Jumatatu, 2 Juni 2025
Mbwa asiyejulikana kamng'ata Tobias mguuni akirudi kutoka kwenye mizinga. Na mume wangu kafanya nini? Kaziba kidonda kwa nta ya moto! Vile vile anavyoziba nyufa za mzinga. Eti uchafu usiingie. Nimemwambia wewe ni mtu, si gogo. Kacheka. Kesho Tabora mjini, atake asitake.

Jumanne, 3 Juni
Nesi Anifa kaibandua nta, kaguna. Umemfungia mgeni ndani, baba, kasema. Kisha maji na sabuni, sana! Ndipo sindano ya kwanza. Nikauliza sabuni ya nini, kwani mguu ni shati? Akanieleza — mpaka sasa nimeduwaa.

Kirusi cha kichaa cha mbwa kimevaa koti la mafuta. Sabuni inalivunja. Kikinusurika, kinaigusa seli ya neva, nayo inakimeza yenyewe, ndani ya kifuko. Kifuko kinachachuka. Hapo miiba midogo iliyo juu ya koti la kirusi inageuka umbo, inavuta koti hilo na utando wa kifuko, mafuta kwa mafuta, mpaka vyote viwili vinakuwa kitu kimoja. Tundu linafunguka. Kimeingia! Wala hakuna kilichovunjwa.

Jumatano, 4 Juni
Nimeyeyusha nta ya mishumaa ya mapadri wa Kipalapala. Matone mawili juu ya maji ya moto. Yakasogeleana, yakagusana — yakawa moja. Nimetafuta mshono. Hakuna. Miaka yote hii sikuwahi kuistaajabia nta! Mungu wangu, kidude kisichoonekana kwa macho kinaijua kazi yangu. Naogopa, na bado natamani kukiona.

Ijumaa, 6 Juni
Leo ndiyo sindano ya pili. Tobias hayupo! Kaondoka alfajiri. Asali haingoji, kamwambia jirani. Nimekodi bodaboda, nimemfuata.

Naandika hapa hapa msituni. Nimemkuta juu ya mti, moshi mtupu. Nikamuuliza habari za mguu. Unawasha kidogo, kasema, si ndiyo kupona huko? Anifa alinionya: kidonda kikianza kuwasha au kufa ganzi, njooni mbio. Na mgonjwa akishayaogopa maji, hakuna dawa tena.

Nimemwita, nimelia, nimemtukana. Kashuka. Bodaboda anapiga honi. Nimemmiminia maji kikombeni, kakipokea kwa mikono miwili. Jua kali, koo lazima limkauke. Anafuta asali kwenye ndevu, anamwelekeza bodaboda njia ya mkato, anacheka.

Kikombe bado kimejaa.