Wapiga ngoma wa moyo wa mume wangu

Jumanne, Masasi

…basi daktari kasema moyo wa mume wangu unapiga polepole mno. Eti ndani mna vijichembe vya kuonekana kwa hadubini tu, vimepauka, nyuzi za msuli haba, lakini ndivyo wapiga ngoma, moyo mzima unavifuata. Vyake vimechoka. Kesho twende hospitali ya Ndanda.

Sasa huyu jirani, Mama Zuhura! Tangu waruhusu maduka ya dawa ya watu binafsi, kauza aspirini mbili kajiona bingwa. Kamwambia mume wangu, "Shemeji, ngoma ikilegea si tunaiotesha moto? Nawe ota moto kifuani, utapona." Kichwa kitupu kama debe!

Nacheka, lakini naogopa. Akilala namwekea mkono kifuani, nangoja pigo linalofuata, na…

Huyo mume wangu ananiita toka jikoni: "Mama Somoe! Leta kuni, moto unazimika! Na kesho siendi popote!"