Bei ya Tatu ya Madawati

Jumanne, nimetoka Bunda

Bei tatu, bei tatu! Ndugu Mwenyekiti kasema bila bei za mafundi watatu, kijiji chetu cha ujamaa hakinunui hata dawati moja la shule. Mbili nilizipata sokoni. Ya tatu nikaifuata kwa rafiki yangu Marwa, fundi seremala, maana alikuwaga anatupunguzia.

Nikakuta watu wamekaa matanga uani. Marwa walimzika juzi.

Niliona aibu. Mtu anaenda kuuliza bei msibani! Nikageuka, mkewe akaniita.

"Shemeji, ni madawati ya watoto?"

Nikaitikia. Akanitajia bei ambayo mumewe angeitaja. "Iandike, jina lake lisikosekane."

Nimeiandika. Ndiyo ya chini kuliko zote. Kesho Mwenyekiti atasema, "Basi huyu ndiye atutengenezee."