Jaribio la Mapacha

Jumatatu, 4 Agosti 1997

Jenereta imewaka kwa kusuasua. Nimefuta vumbi kwenye kioo cha kompyuta, nimeendesha majaribio yote. Yamefaulu, isipokuwa lile la mapacha. Printa imeandika kama kila siku: IMESHINDWA, TUNAJUA. Neno hilo la pili nililiongeza mwenyewe mwezi Juni, nilipochoka kushtuka kila asubuhi kwa kosa lile lile.

Niliandike vizuri, maana kichwa changu siku hizi ni chujio. Programu yetu inahesabu watu walio chini mgodini. Karani wa mlangoni anamwingiza mtu akishuka, anamtoa akipanda. Ikisoma sifuri, baruti inalipuliwa. Bwana wa Dar aliyeitunga aliona wachimbaji wanabadili majina kama mashati: leo la ubatizo, kesho la nyumbani, keshokutwa la utani. Akaamua mtu atambuliwe kwa jina la baba, kijiji na tarehe ya kuzaliwa. Safi kabisa. Ila Kulwa na Doto, wachorongaji wetu wanaotoboa mwamba, ni mapacha. Baba mmoja, kijiji kimoja, siku moja. Akipanda Kulwa, programu inasema na Doto kapanda.

Rehema, binti anayeitunza programu, hawezi kuifumua peke yake. Bwana wa Dar anasema atakuja. Amekuwa akisema hivyo tangu Juni. Kwa sababu hiyo ubao wa vibao bado upo mlangoni mwa shimo. Kila mtu anachukua kibao chake akishuka, anakirudisha akipanda. Kibao kimoja kikikosekana, hailipuliwi baruti. Jaribio langu likishindwa, ubao unabaki. Ndiyo makubaliano yangu na meneja.

Jumanne, 5 Agosti

Ubao umetuchelewesha tena. Mtu kapanda na kibao mfukoni, kaenda zake sokoni kunywa togwa. Wote tukasubiri hadi apatikane. Alirudi anacheka. Ningeweza kumzaba kofi.

Meneja, Bwana Amirali, hafoki. Alisema tu: "Mama Pendo, siku jaribio lako likifaulu, ubao huu naufanya kuni." Nikacheka ili asione kwamba sikupenda. Lakini ana hoja. Mlipuko ukichelewa, zamu inayofuata inashuka moshi haujaisha. Watu wanakohoa wiki nzima.

Jumatano, 6 Agosti

Imeshindwa, tunajua. Upepo na vumbi. Nimeshona kifungo cha blauzi. Hakuna jingine.

Alhamisi, 7 Agosti

Limefaulu.

Nikaliendesha tena. Limefaulu. Nikazima kompyuta, nikaiacha ipoe, nikawasha. Limefaulu. Wawili wanashuka, Kulwa anapanda, programu inasema chini kabaki mmoja. Jibu sahihi kabisa.

Rehema akapiga kigelegele. Nikamwuliza amegusa nini. "Nimebadili herufi za printa tu, mama. Wallahi." Herufi za printa haziwezi kuwatenganisha mapacha.

Bwana Amirali kaagiza kreti ya soda. Nikamwomba asiuguse ubao hadi Jumatatu, nitafute sababu. Akanitania mbele ya watu: "Mlipokuwa mnashindwa mlinipa sababu. Sasa mmefaulu, mnatafuta sababu ya nini?" Ofisi nzima ikacheka. Nilijiona mjinga, chupa ya soda mkononi.

Lakini Pendo alipokuwa mdogo, akinyamaza ghafla ndipo nilipokuwa nakimbia kumtazama. Hakuna aliyelirekebisha kosa hili. Kwa nini limeondoka?

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane. Mgodi umepumzika. Nimekuja ofisini peke yangu, nimerudisha programu ya Juni kutoka kwenye disketi ya akiba, ile ambayo Rehema hajaigusa. Jaribio limefaulu hata kwa hiyo. Programu ile ile iliyokuwa ikishindwa! Nimeitazama karatasi mpaka macho yakauma.

Nikiwa humo nikasikia nyundo. Seremala anang'oa ubao. Ameagizwa. Vibao vimemwagwa kwenye ndoo, ndoo imefungiwa stoo. Kumbe ule utani wa jana ndio uliokuwa jibu.

Nina hasira. Nimemjibu hovyo mlinzi aliyeniamkia vizuri tu. Kesho watu wanashuka, jioni baruti, na kinachowalinda ni kioo kinachosema sahihi nisijue kwa nini.

Jumamosi, 9 Agosti

Ni usiku sana na wino unakaribia kwisha. Naandika hivyo hivyo.

Mchana nilikwenda kwa Sospeter, karani wa ajira, kumwuliza kama kuna lolote jipya kuhusu Kulwa na Doto. Kijana akachangamka. Kumbe Jumatano mama yao alikuja kuwaletea michembe ya viazi vitamu. Wakapiga soga. Mama akasimulia uzazi wake: Kulwa alikuja jua likizama, Doto akasumbua hadi alfajiri. "Kwa hiyo nikasahihisha tarehe ya Doto, mama. Taarifa lazima ziwe za kweli." Alikuwa anasubiri nimsifu.

Nikaelewa pale pale. Jaribio langu kila asubuhi linachukua taarifa za Kulwa na Doto kwenye orodha halisi ya wafanyakazi. Sospeter kabadili tarehe, mapacha hawafanani tena, jaribio likafaulu. Programu haikupona. Ugonjwa uko pale pale, isipokuwa wale wagonjwa wawili niliokuwa nawapima wametolewa wodini.

Nikamwuliza: wasiojua tarehe zao mnawaandikia nini? "Mosi Julai, mama. Mwaka tunakadiria." Na wa baba mmoja, mama mbalimbali, mwaka mmoja, wapo? Hakufikiri hata kidogo. "Masunga na Mabula, wa mzee Luhende wa Kishapu. Wako zamu ya leo."

Nikarudi kwenye kompyuta. Nikawaingiza wote wawili kwenye jaribio. Nikamtoa Masunga. Sifuri.

Nilikimbia. Mama mzima, nimeshika gauni, wachimbaji wananitazama. Bwana Amirali hakuwepo, alikuwa Shinyanga mjini, dukani kwa kaka yake. Mlangoni mwa shimo kioo cha karani kinasoma sifuri na mzee Ngasa, fundi baruti, kipenga cha kuamuru mlipuko kiko mdomoni. Masunga amekaa juu ya ndoo, anavua buti.

Nikamshika mzee Ngasa mkono. Sijawahi kumshika mtu mzima vile. Akasema, "Mashine inasema hamna mtu, mama." Nikamgeukia Masunga, ndugu yako yuko wapi? "Mabula? Bado yuko chini, anakusanya vyuma." Akajibu kama mtu aliyeulizwa saa, huku anavuta soksi. Alidhani mashine inajua.

Mzee Ngasa akatoa kipenga mdomoni, akakifuta kwenye shati, akakitia mfukoni. Winchi ikaanza kulia. Mabula akatokea, vyuma begani, meupe meno na macho tu, na mwili mwingine wote vumbi. "Shikamoo, mama."

Nimekwenda nyuma ya stoo, nimelia, nimenawa uso kwa maji ya pipa. Kisha ndipo baruti ikapigwa, baada ya watu kuhesabiwa mmoja mmoja kwa majina.

Jumapili, 10 Agosti

Sikwenda kanisani. Nimefua kila kitu kilichomo ndani, hata visivyo vichafu. Nimemfikiria mama yake Mabula, nisiyemjua. Leo angekuwa kwenye matanga, na mimi ningekuwa nina karatasi iliyoandikwa IMEFAULU.

Jumatatu, 11 Agosti

Ubao umerudi. Mzee Ngasa aliupigilia mwenyewe jana, hakumsubiri seremala wala meneja. Misumari ameizidisha, hautoki leo wala kesho.

Mimi na Rehema tumetengeneza majaribio mawili mapya. Sasa ni mapacha wa kubuni, na ndugu wa kubuni wa mosi Julai. Hawana mama atakayekuja na michembe kuwasahihishia tarehe. Yote mawili yameshindwa. Nimefurahi, na nimejishangaa kufurahi.

Rehema kaongeza jambo lake. Jaribio lenye neno TUNAJUA likifaulu, mashine inapiga king'ora na kugoma kuendelea hadi mtu aje aeleze. Tumelijaribu. Kelele yake inakera sana, mpishi katoka jikoni kuuliza kuna nini. Nimempongeza Rehema, na nikamwomba radhi kwa uso niliokuwa nao wiki iliyopita. Akasema ameuzoea.

Sospeter hatukumgombeza. Tarehe ya Doto ni sahihi sasa, tumeiacha.

Jumanne, 12 Agosti

Bwana Amirali amerudi. Alipiga hodi kwenye ofisi iliyo yake mwenyewe. Habari zote alishazipata. Hakuomba msamaha, nami sikuuhitaji. Amekonda uso kwa siku chache tu. Alivuta kiti akakaa kando yangu wakati naendesha majaribio ya asubuhi.

Printa ikawa inatoa karatasi. Imefaulu. Imefaulu. Imefaulu. Mapacha wa kubuni, imeshindwa, tunajua. Ndugu wa kubuni, vivyo hivyo. Akasoma mstari kwa mstari, miwani ikiwa puani. Nilingoja aulize ile iliyoshindwa. Akaweka kidole kwenye mstari wa juu kabisa, uliofaulu.

"Na haya mengine, Mama Pendo. Unajua kwa nini yanafaulu?"

Nikamwambia kweli: sijui.

Akaitikia kwa kichwa. Akamwita Rehema alete kiti chake. Akaagiza chai, tukaanza kulichunguza jaribio la kwanza, kwa nini linafaulu. Jioni baruti ikalia, vikombe vikatikisika mezani, nasi bado tuko nalo.