Jina la Msimulizi wa Twiga

Mpwa wangu Mwanakheri,

Huku Durban hatujambo, na saluni ya mke wangu imejaa wateja. Unaniuliza kama kusoma historia ya China ni kupoteza ujana, maana baba yako anataka usome uhasibu.

Nikiwa kijana nilipaka rangi nyumba ya mama mmoja pale Glenwood, mtaa wa hapa Durban; alikuwa profesa wa historia ya China. Dari niliyopaka mimi, eish, watu walipanga foleni kuitazama! Nikamwambia kwamba babu zetu walimpelekea mfalme wa China twiga aliyejua kupiga magoti. Hakucheka.

"Nani alikusimulia?"

"Bibi yangu."

"Anaitwa nani?"

Jina lake sikulijua. Sisi tulimwita Bibi tu.

Akaweka kikombe chini. "Wafalme wa China nawajua wote kwa majina. Wanawake waliowasimulia watoto habari zile, hao ndio ninaowatafuta mpaka leo, kijana."

Baba yako niachie mimi. Mtu aliyezungumza na profesa akiwa amepanda ngazi na brashi mkononi hashindwi na shemeji. Wewe soma.

Jioni ile nilipotoka kwa profesa nilimpigia mama yangu simu, nikamuuliza jina la Bibi. Ulipozaliwa, nikakupa wewe.

Mjomba wako,
Salim